Utafiti wa ini: Mafunzo ya baada ya uzamifu yana faida gani kwa Kakamega?

SHAHADA ya uzamifu aghalabu huchukuliwa kuwa kilele cha elimu. Lakini kwa mtafiti wa maradhi ya ini, kazi huanzia hapo.

Mafunzo ya baada ya uzamifu ni kipindi, kwa kawaida cha miaka miwili au mitatu, ambapo daktari au mwanasayansi aliyekwisha kufuzu hufanya utafiti chini ya uelekezi wa mtafiti mzoefu. Hujifunza mbinu za maabara, takwimu, maadili ya utafiti, uandishi wa makala ya kitaalamu na namna ya kuomba ufadhili. Akimaliza, hutarajiwa kuongoza utafiti wake mwenyewe.

Ini linahitaji wataalamu wa aina hii kwa sababu huugua kimyakimya. Mtu anaweza kuishi na virusi vya homa ya ini aina ya B kwa miaka mingi bila dalili. Tumbo linapojaa maji na macho kugeuka manjano, mara nyingi ini huwa limejaa makovu au limeshikwa na saratani. Ndipo jamaa huanza kushuku kwamba mgonjwa amerogwa, huku wakati wa matibabu ukiyoyoma.

Umri wa kuambukizwa ni jambo muhimu. Takriban watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa homa ya ini ya B wakiwa wachanga hubaki na virusi hivyo maishani, ilhali kwa watu wazima ni chini ya 1 kati ya 20. Kenya ilianza kuwachanja watoto wote dhidi ya ugonjwa huu mwaka 2001. Waliozaliwa kabla ya hapo, ambao sasa ni wazazi, hawakupata kinga hiyo utotoni.

Chanzo kingine cha madhara ni sumu ya aflatoksini, inayotokana na kuvu katika mahindi na njugu zisizokaushwa vyema. Mwaka 2004, sumu hiyo iliwaua watu 125 kati ya 317 walioripotiwa kuugua, wengi wao katika maeneo ya Makueni na Kitui. Mlo wenye kiasi kidogo cha sumu hauui papo hapo, lakini ukiliwa kwa miaka mingi huleta saratani ya ini, hasa kwa mwenye virusi vya B.

Uhusiano huo uliwahi kuchunguzwa humu nchini. Mwaka 1973, watafiti F.G. Peers na C.A. Linsell walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa chakula cha wakazi wa Murang'a. Walibaini kuwa sehemu za chini, ambako chakula kilikuwa na sumu zaidi, ndiko saratani ya ini ilikoripotiwa kwa wingi zaidi.

Kakamega nayo hula ugali wa mahindi, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima, hivyo kukausha nafaka ni kazi ngumu. Aidha, pombe ya chang'aa huongeza mzigo kwa ini. Ni wangapi wanaougua kwa sababu ya virusi, wangapi kwa kuvu na wangapi kwa pombe? Hayo ndiyo maswali ya mtafiti aliyehitimu.

Misingi ipo. Mjini Kakamega kuna hospitali ya rufaa ya kaunti na Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kilichopata hadhi kamili mwaka 2007. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI) ina kituo Kisian, karibu na Kisumu. Muungano wa vyuo vikuu wa CARTA, ulioanzishwa mwaka 2008 na kuongozwa kutoka Nairobi na Johannesburg, hufadhili watafiti wa Afrika katika uzamifu na baada yake.

Matunda ya utafiti humfikia mgonjwa. Homa ya ini ya C sasa hupona kwa vidonge vya wiki 8 hadi 12. Ile ya B hudhibitiwa kwa tenofovir, dawa ambayo pia hutumiwa na wanaoishi na virusi vya Ukimwi.

Dawa hizo, hata hivyo, humfaa aliyepimwa mapema. Kujua ni nani apimwe kwanza, katika kijiji kipi na kwa gharama gani, kunahitaji mtafiti anayeifahamu Kakamega na aliye tayari kubaki humo.