Kipande cha Kioo cha Ndege Ndani ya Jicho

Bibi wa Busunzu, Kibondo, anayechambua maharage kwa kupapasa, akigundulika ana mtoto wa jicho, huelezwa kuwa lenzi yake iliyoingia ukungu itatolewa, iwekwe nyingine ya plastiki. Plastiki hiyo ilipitia vitani kwanza.

Mwaka 1940 marubani wa Uingereza waliposhambuliwa angani, vipande vya plastiki angavu iliyofunika vyumba vyao viliwaingia machoni. Daktari Harold Ridley wa London akaona kwamba jicho linavivumilia: vinakaa humo bila kuleta uvimbe. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', akapandikiza lenzi iliyochongwa kwa plastiki ya jamii hiyohiyo, PMMA. Wakubwa wa fani yake walimpinga miaka mingi. Yeye lakini alikuwa ameuona upofu kwa karibu, maana wakati wa vita alichunguza usubi, ugonjwa unaopofusha, huko Gold Coast, Ghana ya leo. Enzi hizo aliyetolewa mtoto wa jicho aliishi kwa miwani minene, mizito. Ikivunjika, karibu giza linarudi.

PMMA ilikuwa na kasoro yake. Uwezo wake wa kupinda mwanga ni 1.49, na wa maji ya ndani ya jicho ni 1.336. Lenzi hupata nguvu kwenye tofauti hiyo, 0.154 tu, kwa hiyo haina budi kuwa nene. Tena ni ngumu, haikunjiki. Jicho lilipasuliwa kiasi cha milimita 6 ili ipite.

Wanakemia wakatafuta polima laini, wakaipachika pete za benzini, ambazo elektroni zake hutikiswa kirahisi na mwanga. Uwezo ukapanda hadi 1.55, na tofauti na maji ya jicho ikawa 0.214. Lenzi ikawa nyembamba, ikakunjwa, ikapita kwenye tundu lisilofika milimita 4. Marekani iliiidhinisha mwaka 1994. Hata hivyo, ndani ya baadhi ya lenzi hizo vilijitokeza vitone vya maji vinavyometameta. Kupinda mwanga hakutoshi. Polima lazima izoee kuishi majini.

Lenzi ngumu hazikufa. Tangu 1992 kiwanda cha Aurolab, Madurai, India, kimezitengeneza kwa bei ya chini, na madaktari wengi Afrika Mashariki huziweka kwa mkato unaojifunga wenyewe, bila nyuzi wala mashine ya gharama. Naiheshimu sana kazi hiyo. Lakini lenzi laini nayo ingefaa ifike Kibondo, kwa sababu bibi yule ana jembe linalomsubiri, na kidonda kidogo hupona mapema.