Kitufe cha Kuchapa Kisichochapa

Katika sekretarieti za mji wa Gisenyi, Rwanda, vile vibanda vya kutoa fotokopi na kujaziwa fomu za serikali, kibodi zina asili mbili. Zile za enzi za Kifaransa, pamoja na zinazovushwa mpaka kutoka Goma, upande wa Kongo, zina kitufe kilichoandikwa "Impr. écran". Nyingine, hasa zilizoingia baada ya Rwanda kuamua mwaka 2008 kufundisha kwa Kiingereza, zimeandikwa "PrtSc". Lugha mbili, amri moja: chapa kioo. Ukibonyeza, printa haitikisiki hata kidogo.

Aliyeandika hivyo hakukosea. IBM ilipotoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981, kitufe hicho kilichapa kweli. Kilikaa mahali pamoja na alama ya nyota, na ukikibonyeza huku umeshika Shift, herufi zote zilizo kwenye kioo zilikwenda moja kwa moja kwenye printa. Herufi tu; baadaye, ukitaka mchoro, sharti uwe umeita kwanza programu ya DOS iliyojulikana kama GRAPHICS. Habari ya kuhifadhi haikuwapo, kwani karatasi ndiyo ilikuwa hifadhi. Macintosh ya mwaka 1984 ndiyo iliyofikiri tofauti: Command, Shift na 3 kwa pamoja, picha ya kioo ikawa faili ndani ya diski.

Windows ilikipokonya kitufe hicho printa yake, lakini haikukipa kabati. Katika Windows ya miaka ya 1990, ukibonyeza, picha iliingia katika kumbukumbu ya muda, ile inayobeba kitu kimoja tu. Hakikuonekana chochote wala hakikusikika chochote. Ilibidi ufungue Paint, ubandike, uipe jina, uhifadhi. Asiyejua alibonyeza mara tano na kuondoka akiamini ana picha tano, kumbe hana hata moja.

Tena Paint ya siku zile ilihifadhi kwa BMP, mtindo unaoandika rangi ya kila nukta bila kubana chochote. Piga hesabu: kioo cha nukta 800 kwa 600, kila nukta baiti tatu, ni baiti 1,440,000. Disketi ya kawaida ilibeba kidogo tu kupita hapo. Disketi moja, picha moja. Kioo kilipopanuka hadi 1024 kwa 768, picha haikuingia tena. Dawa ilizaliwa kwa ugomvi: mwishoni mwa 1994 wenye hataza ya mbinu iliyotumika katika GIF walianza kudai malipo, na watu wa intaneti wakakaa chini kutengeneza mtindo wao usio na deni, PNG, uliokamilika mwaka 1996. Ulibana bila kuchafua herufi, jambo ambalo JPEG haiwezi, na kwa picha ya kioo herufi ndiyo mali yenyewe.

Mimi nilikutana na kitufe hiki katika saiba moja ya mji huu, wakati tulipolipia intaneti kwa dakika. Siku moja nilibandika barua niliyokuwa nimenakili, au niliyodhani nimenakili. Badala yake ikatokea picha ya akaunti ya benki ya mtu aliyekaa pale kabla yangu, jina na salio vyote wazi. Kijana wa saiba alicheka. Alisema picha za namna hiyo huziona kila siku.

Mengine yalikuja taratibu. Windows Vista, mwaka 2007, ilikuja na kile kimkasi cha kukata sehemu unayoitaka. Windows 8, mwaka 2012, ndiyo iliyofanya lililopaswa kufanywa zamani: kitufe cha Windows pamoja na PrtSc, na picha inajihifadhi yenyewe. Miaka 31 tangu IBM! Siku hizi, katika Windows 11, PrtSc peke yake hukiita kimkasi hicho.

Na Gisenyi ikapata sababu yake ya kukihitaji. Tangu mwaka 2015 huduma nyingi za serikali ya Rwanda huombwa kupitia tovuti ya Irembo, na ombi likishatumwa kioo hutoa namba ya malipo ambayo mteja huilipia kwa simu. "Ngoja nipige skrinishoti kwanza, mama, mtandao usije ukakata," ndivyo mwenye kibanda anavyomwambia mteja. Mwenye simu janja hutumiwa picha kwa WhatsApp. Asiye nayo hutolewa karatasi. Yaani picha inapigwa, inahifadhiwa, inafunguliwa, ndipo inakwenda printa: kazi ileile ya 1981, sasa kwa hatua nne. Sioni aibu yoyote hapo. Mama anayevuka kila asubuhi kwenda kuuza Goma anaiamini karatasi iliyokunjwa kwenye kitenge, na hakosei, maana karatasi haiishiwi chaji.

Linalonitia shaka liko upande mwingine. Mei 2024 Microsoft ilitangaza Recall, programu ya kupiga picha ya kioo kila baada ya sekunde chache bila mtu kubonyeza kitu. Wataalamu wa usalama walipiga kelele, na mwezi uliofuata ikaahirishwa. Mwaka 2025 ikaanza kutolewa, safari hii kwa idhini ya mwenye kompyuta. Salio la yule mtu wa saiba lilivuja kwa picha moja tu, tena aliyoipiga mwenyewe; hizi hujipiga zenyewe.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitumia kompyuta ya kibanda usiondoke na karatasi tu. Fungua folda ya Pictures, ingia Screenshots, futa picha yako, kisha umwage na pipa la taka. Halafu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na V: tangu 2018 kumbukumbu ile ya muda, ikiwa imewashwa, huweka vitu hadi 25, na chako huenda kimo; kifute.