Mkawio wa mota

Soma kibati cha mota ya mashine ya kusaga, ile ya fezi tatu, na mara nyingi utakuta mizunguko 1440 kwa dakika. Umeme wetu ni wa hezi 50, na kwa hezi hizo mota yenye ncha nne za sumaku hujenga ndani ya stata, sehemu yake isiyozunguka, uga wa sumaku unaozunguka mara 1500 kwa dakika. Rota, ambayo ndiyo inayozunguka, hubaki nyuma ya uga huo kwa mizunguko 60, yaani asilimia 4. Kwa Kiingereza pengo hilo huitwa kwa neno la kuteleza, na ukilifuata neno hilo utapata "mtelezo".

Silipendi. Kwenye mashine ya kusaga kinachoteleza ni mkanda, na mkanda ukiteleza fundi huukaza. Mwanafunzi akiambiwa kwamba rota nayo inateleza, atatafuta cha kukaza, ilhali kati ya stata na rota kuna uwazi mwembamba wa hewa tu.

Rota ya mota hii, aina ambayo Nikola Tesla aliipatia hataza Marekani mwaka 1888, haiunganishwi na waya wowote wa umeme. Mkondo wake huzaliwa kwa kuwa uga unazipita fito zake za alumini au shaba. Kama rota ingeifikia kasi ya uga, fito zisingepitwa tena, mkondo ungekatika, na msokoto, yaani nguvu inayoizungusha rota, ungekwisha papo hapo. Rota huzungushwa kwa sababu imechelewa.

Kwa hiyo napendekeza mkawio, kutokana na kukawia. Mota inapowashwa, rota ikiwa bado imesimama, mkawio ni asilimia 100, na mkondo unaovutwa huweza kufika mara 5 hadi 7 ya ule wa kawaida. Volteji ikishuka kwa asilimia 10, uwezo wa msokoto hubaki asilimia 81 hivi. Mahindi yakiwa yale yale, mkawio huongezeka na koili hupata joto. Fundi anayesuka mota zilizoungua anaujua vizuri mwisho wa habari hiyo.

Kidhibiti kasi cha kielektroniki hupunguza kasi ya mota kwa kupunguza hezi. Kwa hezi 25 uga huzunguka mara 750, na kwa mzigo ule ule rota huufuata kwa takriban 690. Mizunguko 60 ile ile sasa ni asilimia 8, kwa hiyo mkawio uandikwe pamoja na hezi zake.