Garimoshi, stima na safari ya dizeli

Ukitaka kuona jinsi maneno yanavyoukaidi mtambo, wasikilize watu wa Kayole. Treni inayobeba abiria wa Eastlands huiita treni au gari la moshi. Umeme wa nyumbani ni stima. Wapo walimu wanaomtilia mwanafunzi alama nyekundu akiandika "treni" au "stima", eti sanifu ni "garimoshi" na "umeme" tu. Historia ya reli inatutaka tusiharakishe kalamu hiyo.

Garimoshi lilipewa jina kwa kile kilichoonekana: moshi. Kilele cha enzi ya mvuke hapa kwetu kilikuwa vichwa 34 vya aina ya 59, vilivyoundwa na Beyer Peacock ya Manchester mwaka 1955 na 1956, vikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kimoja, Mount Gelai, kimo katika Makumbusho ya Reli, Nairobi. Kila kichwa kilikuwa na uzito wa takriban tani 250, na kilihitaji maji mengi ilhali nyika ya kutoka Mombasa ni kavu.

Dizeli, kwa upande wake, ilishika kasi Marekani kwa kuukimbia moshi. Sheria ya 1923 ilipiga marufuku vichwa vya mvuke jijini New York. Mwaka 1925, ALCO, General Electric na Ingersoll-Rand wakauza kichwa cha dizeli chenye nguvu ya farasi 300, cha kupangia mabehewa. Mwaka 1934, treni ya Zephyr ilitoka Denver hadi Chicago kwa saa 13 na dakika 5. Mwaka 1939, General Motors ikatoa FT ya kuvuta mizigo, nguvu 5,400. Hapo mvuke ukaanza kuaga.

Wengi hudhani injini ya dizeli huzungusha magurudumu moja kwa moja. La hasha! Katika vichwa hivi, dizeli huzungusha jenereta, jenereta huzalisha umeme, nao umeme huendesha mota zilizofungwa kwenye ekseli. Kwa Kiswahili cha Kayole, treni hii inavutwa na stima.

Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilianza kupokea vichwa vya dizeli vya English Electric mwaka 1960. Mwaka 1971 vikaja vya Montreal, vyenye injini za muundo wa ALCO, kampuni ambayo yenyewe ilikuwa imeacha kuunda vichwa Marekani mwaka 1969. Baadaye Kenya ikanunua U26C za General Electric: 26 ni nguvu ya farasi 2,600. Mchochea moto akakosa kazi. Muthurwa na Makongeni, mitaa iliyojengewa wafanyakazi wa reli, ikabaki. Kazi zilizoijaza zikapungua.

Sasa tazama maneno. "Stima" ilitoka Kiingereza ikimaanisha mvuke na vyombo vyake, hasa meli. Wakenya wakalihamishia neno kwenye umeme. "Garimoshi" halikuhama, tangu 2024 Tanzania ina treni za umeme zisizotoa moshi hata chembe, na jina bado linazifaa.

Basi, mwalimu mwenzangu, weka kalamu nyekundu chini. Mtoto wa Kayole aandikapo "stima" hajapotoka. Ameandika karne nzima ya historia kwa silabi mbili. Mwambie hivyo, kisha umfundishe na "umeme".