Tangi la matumbawe nyumbani: ununue seti kamili au umwite fundi?

Tangi la samaki wa maji ya chumvi lenye matumbawe ndani yake huanzishwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua seti kamili kutoka kiwandani: kioo, taa, pampu na kichujio vimeshaunganishwa, kazi yako ni kutia maji na kuchomeka plagi. Ya pili ni kumwita fundi wa vioo akuundie tangi kwa vipimo vyako, kisha ukanunua kila kifaa peke yake. Ushauri mwingi kuhusu jambo hili umeandikwa na watu wa Ulaya na Marekani, ambao hangaiko lao kubwa ni kuyapasha maji joto. Huku kwetu, kuanzia Mtwapa hadi Marereni, mambo ni kinyume. Maji hupata joto kupita kiasi, stima hukatika, na maji ya bomba yana mambo yake. Kwa hiyo swali la kuanza nalo si bei wala ukubwa. Ni hili: mchana wa mwezi wa Machi, stima imekatika nawe hupo nyumbani, ni tangi lipi litakalowaweka viumbe wake hai hadi urudi jioni?

Joto

Matumbawe mengi hupendelea maji ya nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Yakizidi 30 kwa siku kadhaa, huanza kutoa vijimea vinavyoishi ndani ya mwili wake na kuyalisha, nayo hupauka. Jambo hilo tuliliona baharini kwetu mwaka 1998, wakati wa El Niño, matumbawe yalipokufa kwa wingi pwani nzima. Katika tangi la lita 60 halihitaji El Niño. Chumba chenye paa la mabati na dirisha la upande wa magharibi kinatosha.

Hapa ndipo seti nyingi za kiwandani huanguka. Zimetengenezwa zikiwa na kifuniko, taa iko karibu na maji, na pampu zimezama ndani ya chumba kidogo cha nyuma, zikitoa joto lake moja kwa moja kwenye maji. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huweza kuteremsha joto kwa nyuzi mbili au tatu, lakini hufanya hivyo kwa kuyafanya maji yawe mvuke, na hewa yetu yenye unyevu hupunguza nguvu hiyo. Machi na Aprili, bahari yenyewe inapokuwa na joto zaidi, feni peke yake hailingani na kazi.

Dawa ya kweli ni mashine ya kupoza maji. Mashine hiyo inafanya kazi kama friji: joto inalolitoa kwenye maji inalimwaga chumbani. Ukiiweka ndani ya kabati chini ya tangi, inapasha kabati, kabati linapasha maji, nayo inafanya kazi usiku kucha bila kushinda. Mahali pake ni barazani, penye kivuli na upepo, na mipira ipitishwe ukutani. Tangi la fundi linakubali mpango huo tangu mwanzo, kwa sababu unaweza kumwambia atoboe kioo pale unapotaka. Seti ya kiwandani huwezi kuitoboa bila wasiwasi, hivyo mipira itaning'inia ukingoni. Inawezekana, ila haipendezi, na kupendeza ndiko kulikokufanya ununue seti.

Kama chumba chako tayari kina kiyoyozi kinachowaka mchana kutwa, sehemu kubwa ya hoja hii inaondoka, na seti inaanza kuwa na maana.

Stima inapokatika

Samaki hawafi kwa giza. Hufa kwa kukosa hewa, kwa maana maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi, na pampu ikisimama hakuna kinachoyatikisa. Tangi dogo lenye samaki wengi huishiwa kwanza. Lita 300 zenye samaki wanne zinakupa saa nyingi zaidi kuliko lita 60 zenye samaki hao hao.

Ukijenga mwenyewe, chagua pampu za volti 12 au 24 zinazoweza kuendeshwa na betri ya sola. Nyumba nyingi za pwani sasa zina paneli juu ya paa, na pampu ya namna hiyo hula umeme mdogo sana. Kwa seti, hakikisha kwanza ni ya volti 240 na mzunguko wa 50. Ndugu wengi hutumiwa vifaa na jamaa walioko Marekani, vya volti 110 na mzunguko wa 60. Transfoma hurekebisha volti lakini hairekebishi mzunguko, na baadhi ya pampu huzunguka polepole kuliko zilivyokusudiwa. Vyovyote iwavyo, pampu ndogo ya hewa yenye betri zake inunuliwe kabla ya samaki wa kwanza.

Maji

Anayeishi kando ya bahari hudhani maji ya chumvi ni ya bure. Ni kweli nusu. Malindi, mto Sabaki unapofurika wakati wa mvua, bahari hugeuka rangi ya chai ya maziwa kwa matope yanayotoka bara, na maji hayo hayafai tangi. Subiri miezi mikavu ya kaskazi, au teka kusini zaidi, upande wa Watamu, mbali na mitaro ya hoteli. Teka maji yanapojaa wakati wa bamvua, ndipo maji ya bahari kuu yanapoingia. Yachuje kwa kitambaa kizito, yafunike gizani siku kadhaa, kisha uyapime kabla ya kuyatumia. Uchumvi unaotakiwa ni gramu 35 kwa lita.

Wengine huuliza kama chumvi ya Gongoni itafaa, maana mashamba ya chumvi yako jirani. Haifai. Hiyo ni chumvi ya kula, na matumbawe yanahitaji pia kalisi, magnesi na madini mengine ili yajenge mifupa yake. Chumvi maalumu ya matangi huagizwa, na lita 100 hula takriban kilo tatu na nusu.

Halafu yapo maji baridi ya kujazia. Kila siku maji hupungua kwa mvuke, lakini chumvi hubaki, hivyo unaongeza maji yasiyo na chumvi. Maji ya visima vyetu mara nyingi ni magumu na yana chumvi chumvi. Yale ya duka la kujaza mitungi ya lita 20 yanaweza kufaa, ila nunua kipimo kidogo cha madini uyapime mwenyewe. Namba ikiwa karibu na sifuri, sawa. Katika seti ndogo, siku mbili za kusahau kujazia zinatosha kuupandisha uchumvi hadi matumbawe yajikunje. Tangi kubwa linasamehe zaidi, na tangi la fundi lina nafasi chini yake ya kuwekea mtungi na vali ya kujaza yenyewe.

Kioo na uzito

Fundi mzuri wa madirisha si lazima awe fundi mzuri wa tangi. Tangi la sentimita 120 kwa 50 kwa 50 hubeba lita 300. Ukijumlisha kioo, mchanga na mawe, unazungumzia zaidi ya kilo 400 juu ya eneo lisilozidi mlango. Kioo kiwe cha milimita 12, silikoni iwe ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, na iachwe ikauke wiki nzima. Stendi ya chuma huliwa na kutu upesi kwenye hewa yetu. Mimi ningejenga kibaraza cha matofali na kukipiga plasta, kama vile vibaraza vya nyumba zetu. Tangi la ukubwa huu lisiwekwe ghorofani bila kumuuliza aliyejenga.

Upande huu seti inashinda waziwazi. Kioo kimeshapimwa, hakivuji, na lita 60 au 75 hukaa juu ya meza imara.

Mawe, samaki na sheria

Tangi linahitaji mawe yenye vitundu ambamo bakteria wataishi, wale wanaogeuza sumu ya kinyesi cha samaki. Kishawishi ni kushuka ufukweni na kiroba. Usifanye hivyo. Ndani ya hifadhi za Malindi na Watamu, ambazo ni za kwanza za baharini nchini, kutoa chochote ni kosa. Nje yake, ukusanyaji wa samaki wa mapambo unahitaji leseni ya idara ya uvuvi, na matumbawe magumu yamo katika mkataba wa kimataifa wa CITES. Watu wa Kuruwitu, karibu na Vipingo, walifunga sehemu ya bahari yao kuanzia 2005 kwa kuwa uvuvi wa kupita kiasi na uchukuaji wa samaki na matumbawe kwa ajili ya matangi ulikuwa umeuchosha mwamba wao. Tengefu hilo liliwapa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2017.

Jiwe lipo nchi kavu. Mawe ya matumbawe ya kale yanayochimbwa machimboni kwa ujenzi, yale yale ya kuta zetu, ni chokaa yenye vitundu. Yachague yasiyo na udongo, yasugue, yaloweke wiki kadhaa ukibadilisha maji, kisha uyatie tangini. Bakteria watachukua wiki nne hadi sita kujijenga. Pima amonia na nitriti hadi zisome sifuri, ndipo ununue samaki.

Ununue kwa mwenye leseni na risiti, na uchague kwa ukubwa wa tangi. Seti ya lita 60 inatosha jozi ya samaki wa anemoni, wale watoto wanaowaita Nemo, na kamba mmoja wa kusafisha. Kangaja buluu anayevutia wapiga mbizi hana nafasi hapo. Huyo anataka lita 400 na zaidi za kuogelea. Vitatange wengi hula matumbawe yenyewe.

Basi yupi achukue ipi

Mwenye chumba chenye kiyoyozi, asiye na nafasi, anayetaka samaki wawili na matumbawe laini, achukue seti, aondoe kifuniko, aweke wavu mahali pake samaki wasiruke. Hoteli, shule au familia yenye mtu wa kulitazama tangi kila siku, imwite fundi na ianze na lita 200 kwenda juu. Anayetaka matumbawe magumu ndani ya seti ndogo katika nyumba isiyo na kiyoyozi, namshauri aahirishe. Pesa atakayookoa kwenye kioo ataimaliza kwa kununua viumbe wa kufidia waliokufa.

Kabla ya kutia kiumbe chochote, jaza maji, washa kila kitu, kisha zima swichi kuu kwa saa sita. Tangi la fundi lenye tanki la chini litayarudisha maji chini pampu ikisimama, na kama bomba la juu halina kitundu cha kukata mvuto, sakafu yako itakuambia ndani ya dakika chache. Washa tena uone kama pampu zote zinaamka zenyewe. Pima joto mwanzo na mwisho, uandike namba zote mbili.