Kijiji kimya na mufu asiyelala: historia iliyo nyuma ya kitabu "Salem"



Wengi wetu tunamjua Stephen King kupitia filimu. Wachache wamesoma kitabu chake cha pili, 'Salem's Lot, kilichotoka Marekani mwaka wa 1975. Kwa Kifaransa kinaitwa tu Salem. Ni hadithi ya kutisha kuhusu mji mudogo wa jimbo la Maine, mahali ambapo kila mutu anajua jina la mwenzake na siku zinafanana. Mimi nasema hofu ya kitabu kile haikutoka hewani. Iko na historia, na historia hiyo inatugusa sisi wenye diploma, tunaotumwa vijijini kueleza watu mambo.

Kwanza hadithi yenyewe, kwa kifupi. Mwandishi mmoja, Ben Mears, anarudi mji aliokaa akiwa mutoto. Wakati uleule mugeni mmoja ananunua nyumba mbaya ya kilimani, iliyoachwa miaka mingi. Mutoto mmoja anapotea porini usiku. Kaka yake analazwa hospitali, wanganga wanafikiri ni upungufu wa damu, anakufa. Kisha anarudi usiku, anagonga dirisha la mutoto mwenzake, anaomba afunguliwe. Toka pale mji unaisha kidogo kidogo, nyumba moja baada ya nyingine.

Jambo linalonishika zaidi katika kitabu kile ni kwamba hakuna kelele. Mutu hafiki kazini, pazia linabaki limefungwa mchana, na jirani anajiambia labda amesafiri. Wanaoelewa ni wachache: mwandishi, mwalimu muzee, munganga, padri, mutoto wa shule na wengine wawili hivi. Nao wanaogopa kusema wazi, juu watachekwa. Ile aibu ya kuchekwa njo inampa mnyonya damu nafasi ya kumaliza mji.

King alikuwa mwalimu wa sekondari, na alikuwa anafundisha wanafunzi wake Dracula ya Bram Stoker, kitabu cha 1897. Akajiuliza: kama Dracula angekuja leo, katika Marekani ya mashambani, ingekuwaje? Jibu lake likawa Salem. Lakini kumbe sehemu ile ya Marekani inayoitwa New England, ambamo Maine iko, ilishapitia hofu ya namna hiyo kwa kweli, kabla ya King na kabla ya Stoker.

Twende Exeter, kijiji cha jimbo la Rhode Island. Pale kulikuwa mulimaji anaitwa George Brown. Mwaka wa 1883 bibi yake, Mary Eliza, alikufa kwa kifua kikuu. Binti yao mukubwa akafuata. Miaka ikapita, kijana wao Edwin akashikwa naye. Mwezi wa kwanza 1892, binti mwingine, Mercy Lena, alikufa akiwa na miaka 19. Edwin alikuwa bado anapambana na ugonjwa.

Majirani wakaanza kusema: kati ya hawa wafu watatu kuna mmoja anayekula ndugu yake toka kaburini. Wakamubana muzee George mpaka akakubali. Tarehe 17 mwezi wa tatu 1892 makaburi yakafunguliwa. Mama na binti mukubwa walikuwa wamebaki mifupa. Lena, aliyekufa wiki chache tu katikati ya baridi kali, mwili wake ulikuwa bado haujaharibika, na ndani ya moyo kulikuwa damu. Hiyo ikatosha. Wakachoma moyo na maini juu ya jiwe. Majivu yakachanganywa na kinywaji, Edwin akapewa anywe kama dawa. Alikufa tarehe 2 mwezi wa tano, hata miezi miwili haikutimia.

Sasa sikilizeni vizuri. Siku ile munganga alikuwepo. Ni yeye aliyepasua ile miili. Aliwaambia kwamba mwili wa Lena hauna kitu cha ajabu, na kwamba mapafu yake yanaonyesha alama za kifua kikuu. Tena mikrobi ya ugonjwa huo ilikuwa imekwisha kujulikana: Robert Koch aliitangaza Berlin tarehe 24 mwezi wa tatu 1882, miaka kumi mbele. Maarifa yalikuwepo, na mwenye maarifa alisimama palepale kaburini. Moyo ulichomwa hata hivyo.

Juu ya nini? Watu wengi wanajibu haraka: ujinga. Mimi jibu hilo silikubali. Muangalie yule munganga aliweza kumupa George nini. Alikuwa na maelezo, dawa hakuwa nayo. Streptomycin, dawa ya kwanza iliyoua mikrobi ile kwa kweli, ilipatikana mwaka wa 1943. Kwa hiyo baba aliyekwisha kuzika watu watatu alisimama kati ya sauti mbili. Moja ilimwambia mutoto wako ni mugonjwa na hakuna la kufanya. Nyingine ilimwambia kuna kitu cha kufanya, leo, kwa mikono yetu. Mutu aliye katika hali ile, mara nyingi anafuata sauti inayompa kazi ya kufanya.

Kuna jambo lingine, na hapa nasema kama agronomu. Exeter ilikuwa inakufa pia kama shamba. Mwaka wa 1820 ilikuwa na wakaaji karibu 2 500; miaka ya 1890 walibaki chini ya 1 000. Udongo wa sehemu ile umejaa mawe. Njia za reli zilipoleta nafaka za bei rahisi toka magharibi, mulimaji wa kilima cha mawe hakuweza tena kushindana. Vijana walikwenda kwenye viwanda ao kwenye mashamba mapya. Hata leo, ndani ya misitu ya New England unakuta kuta za mawe zinazopita katikati ya miti: zilikuwa mipaka ya mashamba, pori limerudi juu yake. Kijiji kinachopoteza watu wake kwa ugonjwa na kwa safari, wote kwa pamoja, kinaona kweli kama kuna kitu kinachokinyonya. Ukisoma Salem ukijua hayo, ile nyumba iliyoachwa kilimani inakuwa na maana nyingine.

Habari za wanyonya damu wa New England ziliingia magazetini. Katika karatasi ambazo Stoker alikusanya akitayarisha Dracula kuna kipande cha gazeti la New York cha 1896 kinachoeleza mambo hayo. Kwa hiyo hofu ya wakulima masikini ilivuka bahari, na Stoker aliiweka kati ya karatasi zake. Kisha Dracula akarudi Marekani kama kitabu cha shule, mpaka mwalimu King akamupa mji wa Maine.

Na hapa kwetu? Zamani za ukoloni, Katanga na sehemu zingine, wazee walisimulia habari za batumbula: watu wanaokamata wengine usiku kwa kazi ya wazungu, na anayekamatwa haonekani tena. Muone vile sura inabadilika. Exeter, mnyonya damu ni ndugu aliyekufa. Salem, ni mugeni aliyenunua nyumba. Katanga, ni mukubwa wa kazi, yule anayechukua nguvu za watu na kuwarudishia kidogo sana. Kila mahali jini linavaa sura ya jambo ambalo watu wameshindwa kulisema wazi.

Jambo la karibu zaidi ni Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri, toka mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020. Wagonjwa walikuwa zaidi ya 3 400, waliokufa zaidi ya 2 200. Chanjo ilikuwepo, na watu zaidi ya 300 000 waliipata. Hata hivyo mwezi wa pili 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa moto. Uvumi ulikuwa mwingi: Ebola haiko, Ebola ni biashara, timu zinakuja kuchukua viungo vya wafu.

Kama kawaida, walioandika toka mbali walisema ujinga. Lakini watu wa Beni walikuwa wanauawa toka 2014, na magari mengi namna ile hayakuwa yamekuja kwa ajili yao. Mwezi wa kumi na mbili 2018, Beni na Butembo walinyimwa kura ya rais, na Ebola ikatajwa kama moja ya sababu. Kisha mutu wa nguo nyeupe anakuja kukuambia umuachie mwili wa mama yako. Uvumi ulikuwa uongo, na uliua watu. Lakini swali lililoko chini yake lilikuwa la kweli: jana, tulipokuwa tunakufa, mulikuwa wapi?

Ndugu wasomi, kesho mimi na wewe tutakuwa yule munganga wa Exeter. Tutasimama mbele ya watu na ukweli wetu, iwe juu ya ugonjwa, juu ya mihogo inayooza, juu ya mutoto anayeitwa mulozi. Kuwa na haki hakutoshi. Yeye alikuwa nayo. Kabla ya kufungua kinywa tujiulize tumeleta nini mkononi, na kama tulikuwa tumekwisha kufika pale siku ambayo hakukuwa shida.

Nyie kwenu, kijijini mwenu, ni hadithi gani ya usiku wazee wanasimulia? Na mukiichunguza vizuri, inaficha shida gani ya mchana? Andikeni, tusomane.