Mawe ya Oloiboni, Sarafu za Pascal

Wamaasai wa Loitokitok, chini ya Kilimanjaro, walipotaka kujua yajayo walimwendea oloiboni. Yeye hutikisa kibuyu chake, enkidong, humwaga mawe, huyahesabu, kisha hufasiri idadi.

Mwaka 1654 Wafaransa Blaise Pascal na Pierre de Fermat waliyaendea yajayo kwa njia nyingine: waliandikiana barua kuhusu kamari iliyokatizwa. Wachezaji wawili wameweka sarafu 32 kila mmoja; anayetangulia kushinda raundi 3 huchukua zote. Mchezo unakatizwa mmoja akiwa ameshinda raundi 2, mwenzake 1. Wagawane vipi? Wa kwanza apate 48, alisema Pascal: akishinda raundi ijayo ana 64, akishindwa wako sare na hupata 32, na nafasi ni nusu kwa nusu.

Oloiboni huhesabu mawe yaliyokwisha kutoka. Pascal, kwa ujasiri wa ajabu, alihesabu raundi zisizochezwa.